Choo, Swala na Chapati Angani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila zinapozungumzwa safari za anga za juu, iwe darasani, ndani ya daladala au barazani baada ya taarifa ya habari, maswali huwa yale yale, na anayeuliza kwa kawaida huanza kwa kuomba radhi kwamba swali lake ni la kipuuzi. Hatuoni hivyo. Mengi ya maswali haya yaliwahi kuwakosesha usingizi wahandisi, na baadhi yaligharimu mamilioni ya dola kabla ya kupata jibu. Tumeanza na ya msingi na kumalizia na yale ya pembezoni. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali husika badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Anga za juu zinaanzia wapi hasa?

Hakuna ukuta wala kibao. Hewa hupungua kidogo kidogo kadiri mtu anavyopanda, na mahali pa kuweka mpaka ni suala la makubaliano. Mpaka unaotumiwa zaidi ni kimo cha kilomita 100 juu ya usawa wa bahari, uitwao mstari wa Kármán, ingawa Wamarekani huridhika na takribani kilomita 80. Lau ingekuwapo barabara ya kupanda wima, safari ya kufika angani ingekuwa fupi kuliko ile ya kutoka Mombasa kwenda Malindi, na pengine yenye askari wa barabarani wachache zaidi.

2. Kwa nini wanaanga huelea? Huko juu hakuna nguvu ya mvutano?

Ipo, tena ya kutosha. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka Dunia katika kimo cha takribani kilomita 400, na hapo mvutano wa Dunia bado una karibu asilimia 90 ya nguvu tunayoisikia hapa chini. Mtu ambaye angesimama juu ya mnara wenye urefu huo asingeelea hata kidogo; angesimama kama kawaida, na akiteleza angeanguka.

Wanaanga huelea kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao. Chukua embe ulirushe mbele: litaanguka hatua chache kutoka ulipo. Lirushe kwa nguvu zaidi, litafika mbali zaidi. Sasa chukulia kwamba limerushwa kwa kasi ya takribani kilomita 28,000 kwa saa, juu kabisa ambako hewa ni haba mno kulipunguza mwendo. Litaendelea kuanguka, lakini kwa kuwa Dunia ni mviringo, ardhi nayo itakuwa ikipinda chini yake kwa kiasi kile kile, na embe halitaifikia. Kituo cha Anga ni embe hilo. Watu, vijiko na kuta vyote vinaanguka kwa mwendo mmoja, kwa hiyo hakuna kinachomlemea mwenzake. Mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90, na wakaaji wake huona jua likichomoza takribani mara 16 kwa siku, jambo ambalo huleta utata wa aina yake katika swali la 9.

3. Ni kweli kwamba roketi zilikuwa zikirushwa kutoka pwani ya Kenya?

Ni kweli. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi kadhaa ziliondokea hapo zikiwa zimebeba setilaiti. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa uzuri wa ufukwe. Dunia inajizungusha, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anasafirishwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takribani kilomita 1,670 kwa saa hata akiwa amelala kitandani. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupata kasi hiyo bure, na kwa kuwa inahitaji kilomita 28,000 kwa saa, msaada huo si haba. Zaidi ya hayo, upande wa mashariki wa Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, kwa hiyo vipande vinavyoanguka njiani haviangukii paa la mtu. Kuhusu vile vinavyoangukia nchi kavu, tazama swali la 18.

Urushaji uliojenga jina la mahali hapo ulifanyika tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na setilaiti iliyorushwa, ambayo ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Uhuru. Kwa msaada wake wanasayansi waliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo, na mojawapo, Cygnus X-1, baadaye kilitambuliwa kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga haukitoroki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Hivyo ndivyo neno la Kiswahili lilivyoingia katika vitabu vya astronomia, na wasomi wa Boston na Tokyo hulitamka bila kujua kwamba wanazungumza Kiswahili.

## Maisha ndani ya chombo

4. Wanaanga wanaendaje haja?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na pia ndilo lililochelewa zaidi kupata jibu la heshima. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, hakuandaliwa chochote mwezi Mei 1961, kwa kuwa safari yake ilikuwa ya dakika 15 tu. Waliosahau ni wale waliopanga ratiba: alikaa amefungwa kwenye kiti saa kadhaa akisubiri roketi irushwe, hadi akalazimika kuomba ruhusa ya kujisaidia ndani ya suti. Aliruhusiwa, baada ya kuzimwa kwa umeme wa vipimo vilivyokuwa vimebandikwa mwilini mwake.

Wanaanga wa Apollo walioenda Mwezini hawakuwa na choo. Walikuwa na mifuko ya plastiki yenye gundi mdomoni, ya kubandikwa penye kuhusika, na baada ya hapo mhusika alipaswa kutia dawa ya kuua vijidudu na kuukandakanda mfuko kwa mikono mpaka dawa ichanganyike. Kumbukumbu za mazungumzo ya Apollo 10, ya Mei 1969, zinaonyesha kamanda Tom Stafford akiomba kitambaa haraka kwa sababu kuna kitu kinaelea ndani ya chombo. Wanaume wote watatu walikana kwamba ni chao. Mwenye mali hajajitokeza mpaka leo.

Siku hizi hali ni bora. Choo cha Kituo cha Anga hutumia feni: kazi inayofanywa na mvutano hapa duniani hufanywa kule na hewa inayovuta. Haja ndogo hupita katika mrija wenye mdomo kama faneli, na kila mtu ana mdomo wake. Haja kubwa huingia katika kifuko kilichotegwa juu ya tundu dogo, kisha kifuko hufungwa na kusukumwa ndani ya chombo cha kuhifadhia. Tundu ni dogo na shabaha ni muhimu, kiasi kwamba wanaanga wa enzi za Shuttle, vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikienda angani na kurudi, walifanyia mazoezi kwenye choo cha mafunzo kilichowekwa kamera chini. Choo kipya kilichopelekwa kituoni mwaka 2020 kiligharimu takribani dola milioni 23.

Vifuko vilivyojaa hupakiwa pamoja na takataka nyingine katika chombo cha mizigo kinachoachwa kiungue kinaporejea katika hewa ya Dunia. Anayepata bahati ya kuuona mwako huo kutoka chini atadhani ameona kimondo.

5. Na mkojo? Ni kweli kwamba wanaunywa?

Wanakunywa maji yaliyotokana nao, ambayo si kitu kile kile. Kusafirisha maji kwa roketi ni ghali mno, kwa hiyo mkojo, jasho na hata unyevu wa pumzi hukusanywa, huchemshwa, huchujwa na kutiwa dawa mpaka yatoke maji safi. Mwaka 2023 mitambo ya kituo ilifikia uwezo wa kurejesha asilimia 98 ya maji. Anayekunja uso akumbuke kwamba maji ya kisimani nayo yamepita katika miili ya viumbe wengi tangu Dunia iumbwe, ila mzunguko wake ni mrefu, nasi hatukuwapo kuushuhudia.

6. Wanakula nini, na je, ugali unawezekana?

Chakula kingi hukaushwa na kufungwa kwenye mifuko; mlaji hutia maji ya moto, husubiri, kisha hula. Adui mkubwa wa jikoni huko ni makombo. Mwaka 1965 John Young aliingiza kwa siri mkate wenye nyama ya kopo katika chombo cha Gemini 3, mwenzake Gus Grissom akaonja, na punje za mkate zikaanza kusambaa ndani ya chombo. Kisa hicho kilifika hadi kwenye kikao cha Bunge la Marekani. Siku hizi mkate wa kawaida hauna nafasi. Badala yake huliwa tortilla, mkate bapa wa Kimeksiko, ambao kwa macho ya Mswahili ni binamu wa chapati. Chapati yenyewe, ikiwa laini na si ile ya jana iliyokauka, ingefanya kazi vizuri kabisa.

Chumvi hutolewa ikiwa imeyeyushwa katika maji na pilipili manga ikiwa katika mafuta, kwa sababu unga wa kunyunyiza ungeishia machoni na puani. Pilipili hupendwa sana. Maji ya mwili hupanda kichwani pale mvutano usipoyashusha miguuni, pua huziba kama ya mwenye mafua, na ladha hufifia.

Kuhusu ugali, maoni yetu ni kwamba ungefaulu kuliko wali. Wali ungetawanyika punje moja moja. Ugali hushikana, humegwa, na ungebaki mkononi. Mchuzi nao hauna matata kama watu wanavyodhani, kwa kuwa kimiminika angani hujikunja na kung'ang'ania chombo au tonge. Tatizo lingekuwa kuusonga. Mwiko ukizungushwa, mpishi asiyejifunga miguu naye angezunguka upande wa pili.

7. Wanalalaje bila kitanda?

Katika mfuko uliofungwa ukutani, ndani ya kichumba kidogo kama kabati. Mikono huelea mbele ya mwili kama ya mtu anayeota amekuwa kipofu. Sharti moja haliachwi: lazima hewa iendeshwe kwa feni, kwa sababu pumzi iliyotolewa haipandi wala haishuki, na inaweza kukusanyika mbele ya uso wa aliyelala mpaka akaivuta tena ile ile.

8. Mtu akilia, machozi yanakwenda wapi?

Hayaendi popote. Mwanaanga wa Kanada Chris Hadfield alionyesha jambo hili mwaka 2013 kwa kujitia maji jichoni: maji yalijikusanya kuwa tufe linalotikisika, likabaki limeganda juu ya jicho na kuanza kusambaa kuelekea puani. Inabidi mtu ajifute kwa taulo.

9. Mwislamu anaswali vipi angani, ilhali kibla kinahama kila dakika na jua linachomoza mara 16 kwa siku?

Suala hili lilijadiliwa na wanazuoni kabla ya mwaka 2007, Malaysia ilipokuwa ikimwandaa Sheikh Muszaphar Shukor kwenda Kituo cha Anga, na Baraza la Fatwa la nchi hiyo likatoa mwongozo. Swala tano zinabaki tano katika kila saa 24, na nyakati zake hufuata saa za mahali roketi ilikorushwa, kwa hiyo hakuna anayedaiwa swala themanini kwa siku. Kuhusu kibla, mwongozo uliweka ngazi kulingana na uwezo wa mtu: aielekee Al-Kaaba yenyewe, ikishindikana aelekee sehemu iliyo juu yake, ikishindikana aielekee Dunia, na ikishindikana popote alipo pana kibla. Asiyeweza kusimama, kurukuu na kusujudu kwa utaratibu wa kawaida huruhusiwa kuswali kwa kadiri anavyoweza, mpaka kwa ishara ya macho. Penye uhaba wa maji, tayamamu inatosha kwa kugusa sehemu safi kama ukuta wa chombo.

Shukor alirushwa tarehe 10 Oktoba 2007, Ramadhani ikiwa inakaribia kwisha, na Idi ikamkuta huko huko. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Sultan Al Neyadi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, aliyekaa kituoni karibu miezi sita, Ramadhani nzima ikiwemo. Alipoulizwa kuhusu funga, alieleza kwamba yeye ni msafiri, na msafiri ana ruhusa ya kula na kuilipa baadaye. Ni vigumu kumpata msafiri mwenye hoja yenye nguvu kuliko mtu anayekwenda kilomita 28,000 kwa saa.

## Mwezi, jua na bahari

10. Walifika kweli Mwezini? Mbona bendera ilipepea pasipo upepo?

Walifika. Kati ya Julai 1969 na Desemba 1972 watu 12 walitembea juu ya Mwezi katika safari sita, wakarudi na mawe na udongo wa kilo 382, ambao umechunguzwa katika maabara za nchi nyingi. Waliacha pia vioo maalumu vya kurudisha mwanga, na hadi leo wanasayansi huelekeza miale ya leza huko, mwanga ukarudi, nao wakapima umbali. Ni kwa njia hiyo tunajua kwamba Mwezi unatukimbia kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Bendera haikupepea. Ilishonewa fito ya mlalo juu ili isininginie kama nguo iliyolowa, na katika safari ya kwanza fito hiyo haikuvutwa ikafika mwisho, ndiyo maana kitambaa kilibaki na mikunjo. Kilipotikiswa wakati wa kusimikwa kiliendelea kuyumba kwa muda, kwa sababu hapakuwa na hewa ya kukizuia.

11. Ni kiumbe gani wa kwanza kuuzunguka Mwezi?

Kobe. Mwezi Septemba 1968 chombo cha Kisovieti kiitwacho Zond 5 kiliuzunguka Mwezi kikiwa na kobe wawili, pamoja na nzi, mimea na mbegu, kikarejea salama na kutua katika Bahari ya Hindi. Wanadamu wa Apollo 8 walifuata mwezi Desemba. Wasimulizi wa hadithi za sungura na kobe hawatashangazwa na matokeo hayo.

12. Kwa nini mwezi mwandamo kwetu hulala kama dau, ilhali kwenye picha za ughaibuni umesimama kama mundu?

Upande wa Mwezi unaong'aa ni ule unaolielekea jua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jua na Mwezi hushuka karibu wima kuelekea upeo wa macho, kwa hiyo jioni ya mwandamo jua huwa limetangulia chini, karibu moja kwa moja chini ya Mwezi. Mwanga hupiga tumbo la Mwezi, pembe zikatazama juu, na dau likakamilika. Katika nchi za kaskazini kama Uturuki au Uingereza, njia ya kushuka ni ya mshazari; jua huzama pembeni, na mwezi huonekana umesimama. Mshuko huo wa wima ndio pia unaofanya magharibi yetu yawe mafupi: mtoto anaitwa aache mpira, na kabla hajafika mlangoni giza limeingia.

13. Mwezi unahusikaje na bamvua?

Mwezi huvuta maji ya bahari, na jua huvuta pia kwa nguvu ndogo zaidi. Wakati wa mwandamo na wakati wa mbalamwezi, vyote viwili vinakaa katika mstari mmoja na Dunia, mivuto inajumlishana, maji yakajaa sana na kutoka sana: ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inakatana, tukapata maji mafu. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hupanga kazi zao kwa hesabu hii, kwa sababu mashamba yao hufikika kwa miguu maji yanapotoka sana.

14. Je, ni salama kutazama kupatwa kwa jua kwenye beseni la maji?

Hapana. Maji hupunguza mwanga, lakini kinachobaki bado chaweza kuunguza jicho, na jicho halina maumivu ya kukuonya. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipofurika Rujewa, mkoani Mbeya, kuona jua likigeuka pete, waliokuwa na miwani maalumu ya kutazamia jua walikuwa salama; miwani ya kawaida ya jua haisaidii kitu, hata ikivaliwa miwili. Njia isiyo na gharama ni kusimama chini ya mwembe na kutazama ardhini. Kila upenyo kati ya majani hutupa chini picha ndogo ya jua, na kivuli cha mti hujaa miezi midogo kwa mamia.

## Sayansi ya nyumbani

15. Maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi?

Wakati mwingine inaonekana hivyo, na jambo hili linaitwa athari ya Mpemba duniani kote, kwa jina la Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaingiza kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu na mbio za kuigombea zilikuwa kali. Mpemba akaona asipofanya haraka atakosa, akayaingiza yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyatia yakiwa yamepoa.

Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Huko huko alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amealikwa kuzungumza. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka; alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa pamoja.

Mpaka sasa wanasayansi hawajakubaliana. Wapo wanaosema maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, yakabaki machache ya kugandishwa. Wengine hutaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, au hewa iliyoyeyuka ambayo kuchemsha huiondoa. Wapo pia waliorudia jaribio kwa makini wasione chochote, wakidai kwamba mahali pa kipimajoto ndani ya maji huweza kumpotosha mtu. Anayetaka kujaribu nyumbani atumie vikombe viwili vinavyofanana, kiasi sawa cha maji, na arudie mara nyingi. Na asiegemeze kikombe cha moto kwenye barafu ya friji ya mama, kwa kuwa barafu ikiyeyuka chini yake kikombe kitagusana vizuri zaidi na ubaridi, na jaribio litakuwa limeharibika pamoja na uhusiano wa kifamilia.

16. Kimondo na nyota ni kitu kimoja? Na lile jiwe la Mbozi?

Nyota ni jua lililo mbali. Kile kinachopita usiku kama mstari wa moto kwa kawaida ni chembe isiyozidi punje ya mchanga, inayoungua kwa sababu ya kasi yake inapoingia katika hewa. Kikubwa cha kutosha hufika chini, na kilichoko Mbozi, mkoani Songwe, ni mojawapo ya vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani: donge la urefu wa mita tatu hivi, lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Sehemu yake kubwa ni chuma, kikichanganyika na nikeli. Wageni wengi hukigonga kwa kokoto, nacho hulia kama kengele.

## Maswali ya pembezoni

17. Kiswahili kimefika wapi angani?

Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, ndicho kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kilicho mbali zaidi na Dunia, na kimebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye salamu katika lugha 55. Luganda imo. Kinyanja kimo. Hata Kisumeri, kisicho na mzungumzaji kwa maelfu ya miaka, kimo. Kiswahili hakimo, na tunakiri kwamba jambo hili bado linatukera. Faraja kidogo ni kwamba kati ya nyimbo zilizowekwa humo upo wimbo wa wasichana wa Kimbuti kutoka msitu wa Ituri, ambako Kiswahili husikika kila siku.

Mbali na setilaiti ya Uhuru (swali la 3), Kenya ilirusha Taifa-1 mwezi Aprili 2023. Kabla yake, tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka chumba cha Wajapani katika Kituo cha Anga, kiitwacho Kibo. Jina hilo halikutoka Kilimanjaro. Ni neno la Kijapani lenye maana ya matumaini. Hata hivyo, Mchaga yeyote atakayejivunia hatakuwa na wa kumzuia.

18. Chuma cha roketi kikiangukia shamba langu, ni changu?

Si chako. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takribani mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Hakuna aliyeumia, na Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikichukua kifaa hicho kwa uchunguzi. Kwa mikataba ya kimataifa, kitu kilichorushwa angani hubaki mali ya aliyekirusha hata kikianguka ugenini. Kwa hiyo usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na usikiguse, kwani baadhi ya mafuta ya roketi ni sumu kali. Wajulishe viongozi wa kijiji na polisi.

Upande wa pili wa sheria hiyo ni mzuri zaidi kwako. Mkataba wa mwaka 1972 unaiwajibisha nchi iliyorusha kulipa hasara yoyote iliyotokea ardhini, bila kuhitaji kuthibitishwa kwamba ilizembea. Setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, ilipoangukia Kanada mwaka 1978, Wasovieti walikubali kulipa dola milioni 3 za Kanada.

Kituo cha Skylab cha Marekani nacho kilisambaratika juu ya Australia Magharibi mwezi Julai 1979, na halmashauri ya mji wa Esperance ikaiandikia NASA, shirika la anga za juu la Marekani, faini ya dola 400 kwa kosa la kutupa takataka. Deni hilo lilikaa miaka 30 bila kulipwa. Mwaka 2009 mtangazaji mmoja wa redio wa Marekani aliwachangisha wasikilizaji wake, akapeleka hundi.